Kliniki ya uzazi ya Tudor, Mombasa: walimpokea mwanangu kama mtu

Ni kliniki ndogo, ghorofa ya kwanza. Ngazi ni kali kwa mwenye tumbo kubwa, na Jumatatu foleni hufika mlangoni. Skani nililipa shilingi 2,000.

Nilifika na mimba ya wiki 17, moyo wa mtoto umeshasimama. Hospitali niliyotoka, nesi aliniambia, "Utasafishwa tu mama, huyo bado si mtu." Kusafishwa. Neno hilo twalitumia sote, hata mamangu, lakini siku ile lilinichoma. Kwani mwanangu alikuwa taka? Katiba yetu ya 2010, Kifungu cha 26, yasema uhai wa mtu huanza mimba inapotungwa, na pale hakuna aliyeniuliza kama nitataka kumzika.

Hapa waliniuliza kabla hata ya kunipa kitanda. Alipotoka, nesi alimlaza juu ya kitambaa cheupe, akasema, "Dada, wataka kumwona?" Alikuwa urefu wa kiganja changu. Ngozi nyembamba, mishipa yaonekana, mkono wa kulia umekunjwa chini ya kidevu kama aliyelala. Vidole vyote vitano.

Mume wangu alikuwa nje akihesabu. Kwetu twafunzwa roho hupuliziwa zikitimu siku 120, na wiki 17 ni siku 119. Daktari akamweleza taratibu kwamba wao huhesabu tangu siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, kwa hivyo umri wa mtoto hupungua kama wiki mbili. Siku 105 hivi. Ya dini hakuyaingilia, alisema tumuulize sheikh wetu. Naye sheikh akatwambia: katika madhehebu yetu ya Shafi, asiyetimu miezi minne haoshwi wala haswaliwi, lakini hufungwa kitambaa akazikwa.

Mimi nimelishika hilo la mwisho. Roho ni amri ya Mola. Lakini anayestahili kaburi hajapata kuwa uchafu, hata siku moja ya umri wake.

Tulimfunga kipande cha leso yangu ya harusi, babake akampakata hadi makaburini Kikowani, kabla ya Alasiri.

Nyota nne. Ya tano nimeizuia kwa sababu usiku ule nililazwa chumba kimoja na waliojifungua, vitoto vyalia mpaka alfajiri. Wenye kliniki, tafadhali, tutafutieni chumba cha pembeni, hata kikiwa cha kitanda kimoja.