Kempa ilinizimikia siku ya pili, halafu nikaambiwa kosa langu

Nilikodi kempa (gari la safari lenye sehemu ya kulala ndani) ya mtu binafsi kupitia apu, yaani gari ni la mwenyewe, apu wao ni madalali tu, na huo udalali huwezi kuuelewa mpaka yakukute.

Siku ya kwanza poa kabisa. Siku ya pili tuko njiani taa nyekundu ya betri ikawaka kwenye dashibodi, nikamtumia mwenye gari meseji akajibu "hiyo huwa inawaka tu, we endelea". Sasa kama huwa inawaka si ungesema siku unanikabidhi funguo? Nikaendelea (ujinga wangu huo), mara taa za mbele zinafifia, waipa zinajivuta, gari likazima kimya na haliwaki tena.

Sapoti ya apu walipokea haraka ila wakatuma gari la kuvuta dogo, kempa ni ndefu na nzito, jamaa akalitupia macho tu akaondoka. Tukasubiri jingine masaa matano. Kumbe ukipiga simu sema mapema urefu, kimo na uzito, mimi hakuna aliyeniuliza.

Lililoniuma ni mwenye gari kudai nimeacha friji usiku kucha nikaua betri, kwa hiyo dipoziti yangu basi. Lakini kempa ile ina betri mbili, ya kuwashia injini na ya humo ndani, friji inakula ile ya ndani. Fundi aliyekuja kulicheki akaliwasha kwa betri yake, akaweka mita injini ikiwa inanguruma, ikasoma volti 11.9 na inazidi kushuka wakati altaneta (kile kifaa kinachochaji betri injini ikiwaka) ikiwa nzima inatakiwa kutoa kama 14 hivi. Altaneta imekufa. Nikapiga picha mita na taa ya dashibodi inavyowaka, nikatupia zote kwenye chati ya apu, siyo kwenye simu yake binafsi maana huko sapoti hawaoni kitu. Ile meseji ya "we endelea" nayo ilikuwa humohumo, baada ya hapo mzee akapoa.

Dipoziti ilirudi yote na siku ambazo hatukutumia wakarudisha, ila hela ya kulala hoteli na chakula kilichooza hawakugusa, eti havimo kwenye bima niliyochagua. Nimewapa nyota 3, mbili ni za yule fundi.

Jana nimechungulia apu, gari limerudi, picha zilezile, maelezo yanasema "halijawahi kusumbua".