Kwa Khalti, Kilimani: fuli safi, chai ya kusubiri, siasa marufuku

Hakuna kibao. Ukishuka matatu Hurlingham, hapa Nairobi, shika barabara ya nyuma, kisha muulize mlinzi wa geti lolote "kwa Wasudani ni wapi?" Atakuonyesha kwa kidevu. Ni nyumba ya kupanga kama nyingine: meza sita sebuleni, na uani viti vifupi vya kamba vimezunguka jiko la makaa. Nimekula hapo mara tisa tangu mwaka uanze, na kwa pesa zangu, kwa hivyo hii si habari ya mtu aliyepita siku moja akapiga picha sahani akaenda zake.

Tena si mgeni wa chakula hiki cha Sudan. Mimi ni mtoto wa Majengo, Mombasa, na kutoka 2016 hadi mwanzo wa 2022 nilikuwa Khartoum, Jamia Ifriqiya, chuo ambacho kimesomesha vijana wengi wa pwani yetu na wa Tanzania. Kule mwanafunzi haulizwi atakula nini. Fuli (maharagwe ya kupondwa) asubuhi, fuli usiku, na mwisho wa mwezi fuli bila jibini. Siku nilipopanda ndege kurudi nyumbani niliapa sitaitia mdomoni tena. Kiapo kilivunjika Januari hii, nilipopita karibu na geti hilo nikanusa mafuta ya ufuta.

Basi tuanze na hiyo fuli, shilingi 350. Maharagwe hulala kwenye moto mdogo usiku kucha, ndani ya chungu cha bati chenye shingo nyembamba, na kufikia asubuhi maganda yamelegea kabisa. Khalti (wote tunamwita hivyo, yaani mama mdogo) huyateka kwa upawa mrefu, akayatia bakulini, kisha akachukua chupa tupu ya soda. Anayaponda kwa kitako cha chupa, akizungusha kifundo cha mkono, mara kumi, kumi na mbili, mpaka nusu iwe uji na nusu ibaki nzima. Hapo ndipo wengine wawili niliowajaribu hapa Nairobi waliponiangusha: wanasaga kwa mashine, inatoka kama chakula cha mtoto anayeota meno. Juu yake huja kitunguu kibichi, nyanya, bizari nyembamba, jibini nyeupe ya chumvi, taamiya (bajia za dengu) zilizovunjwavunjwa, na mafuta ya ufuta yanayomiminwa mpaka useme basi. Mimi sisemi.

Kijiko utapewa ukiomba, ila watakutazama.

Mkate huja kwenye kikapu, midogo ya mviringo, na kikapu kikiisha hujazwa bila mtu kuhesabu. Kwa aliyekuwa Khartoum miaka ile, hilo si jambo la kupita hivihivi. Desemba 2018 mkate ulipanda kutoka pauni 1 hadi 3, na tarehe 19 watu wa Atbara, mji wa reli, wakaingia barabarani. Baada ya siku chache nchi nzima ilikuwa na maneno mawili tu, tasgut bas, ianguke tu. Tarehe 6 Aprili 2019 umati ukafika mbele ya makao makuu ya jeshi, Qiyada, ukakaa hapo hapo. Siku tano baadaye Omar al-Bashir, aliyeshika nchi kwa mapinduzi tangu 1989, akaondolewa na majenerali wake mwenyewe. Tuliimba mpaka sauti zikakauka. Kesho yake alfajiri nilikuwa kwenye foleni ileile ya mkate, nyuma ya watu walewale. Foleni haikuwa na habari kwamba Bashir ameondoka.

Na haikupata habari hiyo miaka yote miwili na ushei ya mpito, jeshi na raia walipotawala pamoja. Februari 2021 serikali iliiachia sarafu ijiuze kwa bei ya soko, na dola iliyokuwa pauni 55 kwa bei ya benki ikawa pauni 375. Katikati ya mwaka mfumuko wa bei ukapita asilimia 400. Wasomi walikuwa na hoja zao na huenda zilikuwa za kweli, lakini mimi mkononi nilikuwa na pauni za karo za nyumbani zilizogeuka karatasi ya kufungia karanga. Kwa hivyo kikapu cha Khalti kinapojazwa mara ya tatu, nakuwa mtu wa kushukuru kupita kiasi. Nisameheni.

Siku za Ijumaa na Jumapili kuna kisra (500 pamoja na mchuzi), na hii ndiyo ya kuendea. Ni unga wa mtama uliochachushwa, unatandazwa kwenye bamba la moto kwa kipande kidogo cha ukuti, ukawa mwembamba unaweza kusoma gazeti kupitia kwake. Huliwa na mchuzi wa bamia kavu ya kusagwa na nyama, mzito wa kuvutika. Mke wangu, mtu wa Lamu, alionja mara moja akasema ni mlenda uliovaa koti. Hakurudia. Juisi ya ubuyu ni nzuri, kali kidogo kama inavyotakiwa. Ya karkade (maua mekundu ya rosella) imetiwa sukari ya kumzika mtu.

Sasa, Khalti mwenyewe. Kabla ya kuwa na meza sita alikuwa na sanduku, jiko na viti vitano kando ya barabara mjini Khartoum, mmoja wa mamia kwa mamia ya wanawake wauza chai ambao kila mtu kule anawajua. Chini ya Bashir kulikuwa na sheria ya utulivu wa umma, na wauza chai waliionja kwa namna ya kasha, yaani msako: gari linafika, birika linamwagwa, viti vinapakiwa, mama anatozwa faini ili arudishiwe vyombo vyake mwenyewe. Serikali ya mpito ya waziri mkuu Abdalla Hamdok ilifuta sheria hiyo Novemba 2019. Nilimuuliza siku moja, tukiwa uani, ule mpito wote ulimletea nini. Nilitegemea anieleze habari za uhuru na haki. Alipuliza makaa kwanza. "Mwanangu," akasema, kwa Kiswahili chake cha kuokoteza, "miaka miwili mimi uza chai, hapana kimbia."

Nimesoma makala nyingi kuhusu Sudan. Sijakutana na hesabu fupi kuliko hiyo.

Ukutani, juu ya friji, kuna karatasi iliyoandikwa kwa Kiarabu na chini yake kwa kalamu nyingine: SIYASA HAPANA. Nilikuwepo siku ilipobandikwa. Ilikuwa Ijumaa, wazee wawili wamekaa bakuli moja, marafiki kabisa, mmoja alikuwa mwalimu kule Bahri, mwingine fundi wa magari. Mwalimu akaanza na tarehe 17 Agosti 2019, siku wanajeshi na raia walipotia saini waraka wa kikatiba. Mpito wa miezi 39, baraza kuu la watu 11, na mwenyekiti awe mwanajeshi kwa miezi 21 ya kwanza, kisha raia kwa miezi 18. "Nani anampa mwizi ufunguo kwanza," akauliza, "halafu anamwambia arudishe baada ya miezi 21?" Fundi akasema bunduki zilikuwa za nani? Tarehe 3 Juni, Ramadhani ikiwa inakatika, askari wamevamia waliokaa Qiyada wakaua zaidi ya watu 100, intaneti wamekata mwezi mzima na zaidi. Ungesaini na nani mwingine, na mto Nile?

Wakaenda hivyo, sauti ikipanda. Kila mmoja ana tarehe zake vidoleni. Mapinduzi yaliyofeli Septemba 2021. Barabara ya Port Sudan iliyofungwa mwezi huohuo, ngano ikakwama bandarini. Kisha wale waliopiga kambi mbele ya ikulu wakilitaka jeshi lichukue nchi, kambi ambayo mji mzima uliibandika jina la kambi ya ndizi. Kisha 25 Oktoba 2021, mkuu wa jeshi, Jenerali Burhan, akaivunja serikali na Hamdok akashikwa, kiti kikiwa bado hakijamfikia raia. Nilikuwa bwenini siku hiyo, madaraja yamefungwa, simu kimya.

Mimi ukiniuliza, niko na mwalimu. Kosa lilikuwa mpangilio wa viti. Tarehe ya kukabidhi ilivyozidi kukaribia, ndivyo kila kitu kilivyoanza kuharibika kwa zamu: bandari, mkate, umeme. Wa kwanza kukaa ana miezi 21 ya kutafuta sababu za kutoinuka. Lakini sikusema, maana hawakuwa wameniuliza, na mdomo wangu ulikuwa umejaa.

Walipofika kwenye makubaliano ya Desemba 2022 ya kurudisha utawala wa raia, ndipo moto ulipowaka. Jeshi lilitaka kikosi cha RSF, wanamgambo wa Jenerali Hemedti, kimezwe ndani yake kwa miaka 2, Hemedti akataka 10. Mwalimu akapiga meza kwa 2, fundi akapiga kwa 10, si kwamba anampenda Hemedti, ila kumkomoa mwalimu tu. (Ile methali ya fahali wawili mmeshaifikiria, najua. Zizi lenyewe liliungua vita vilipoanza 15 Aprili 2023, na watu zaidi ya milioni 10 wakahama makwao, Khalti akiwamo.) Hapo akatoka jikoni, akaliinua bakuli la fuli katikati yao, akaondoka nalo bila neno. Wazee wakabaki na vipande vya mkate mkononi, wanatazamana. Dakika tano zikapita. Bakuli likarudi limepashwa moto, lina mafuta mapya, na mpwa wa Khalti nyuma yake na karatasi na gundi.

Malalamiko ninayo. Chai ya maziwa ya wakati wa magharibi, ile nzito inayonywewa na zalabia, ndugu wa kaimati, nimeingoja dakika 40 mara mbili, na mara ya pili zalabia zilifika chai ikiwa haijachemka. Watu wa kaimati tunajua kitu hicho kikipoa hakina maana. Choo kimoja, mlango haufungi, unaimba ili watu wajue uko ndani. Kulipa ni kwa namba ya simu ya mpwa, ambaye Februari alinikata mara mbili kwa sahani moja na kunirudishia 350 zangu siku ya tatu, baada ya simu nne. Nenda na pesa taslimu ukiweza.

Kahawa lakini haina neno. Inapikwa uani, kwenye jabana ya udongo, na tangawizi nyingi, kikombe 100. Mtu aliyezoea kahawa ya dele pale Mombasa atajiona kwao, tofauti ni kwamba hapa sukari imo ndani tayari na huwezi kubishana.

Nyota nne. Ile ya tano iko kwenye birika la chai, bado haijachemka.

Wanafungua saa moja asubuhi mpaka saa tatu usiku, Jumatatu hawapo. Na ukifika kwenye kaunta utaona bakuli la bati lina noti na sarafu, halina mfuniko, halina mlinzi, lina maneno ya Kiarabu yaliyoandikwa kwa rangi ya kucha: indak khut, ma indak shil. Unacho, weka, huna, chukua. Wageni hudhani ni bakshishi. Ni maneno ya Qiyada. Pale kwenye kambi ile vijana walikukagua mlangoni huku wakikuimbia unyooshe mikono juu, upekuzi ni kwa adabu, na ukishaingia ulikuta kitambaa kimetandazwa chini, pesa juu yake, na maneno hayo. Mimi niliweka pauni 20 siku ya kwanza, nikajiona tajiri. Kamati za mitaa zilizokuwa zikigawa maji na chai wakati ule ndizo zilizozaa vyumba vya dharura (vikundi vya watu wa kujitolea) vilivyopika fuli kwenye masufuria ya mtaa vita vilipokuja, na Khalti anasema sehemu ya bakuli lake huenda kwenye sufuria moja Omdurman, kwa dadake.

Mara nane niliweka. Mara ya tisa, juzi Alhamisi, M-Pesa ilikuwa imelala na nilikuwa na noti moja tu, ikaishia kwenye fuli na kahawa. Mvua ilikuwa inanyesha. Nikachukua 100 ya matatu. Khalti aliniona, nikamwona ananiona. Akafunga mikate miwili kwenye gazeti akanipa, akasema, "Hii ya bibi. Yule wa mlenda."