Zana za bure zinazobeba kazi yangu ya ufasiri, na ile niliyojuta kuilipia

Nilipoacha ajira na kuanza kufasiri kwa kujitegemea hapa Dar es Salaam, sikuanza kwa kutafuta wateja. Nilikaa siku tatu nikipakua programu. Ya kupanga kazi, ya kuhesabu muda, ya ankara, ya nembo, na nyingine ya kunikumbusha nifungue hizo nyingine. Mteja sikuwa naye hata mmoja, ila rangi za kumpangia kazi zake nilikuwa nazo zote.

Huu ni mwaka wa pili. Zimebaki chache, na karibu zote hazinigharimu senti.

Nianze na ya majuto. Ilikuwa programu ya ankara, jina lake naliacha. Wiki mbili za kujaribu bure, kisha dola 12 kwa mwezi. Nikaweka kadi ya benki, nikasahau. Miezi minne ikakata kimyakimya, na ndani ya miezi hiyo nilituma ankara tatu tu, maana yake kila ankara imenila dola 16. Na haikuwa na mahali pa Lipa Namba, ile namba ya kulipia biashara kwa simu. Ilitaka mteja abofye, aingize kadi, alipe. Wateja wangu ni mawakili wawili, mwenye shule ya chekechea na shirika dogo la wakulima. Hao hawana habari na kadi. Swali lao ni moja: "Nilipe namba gani, na litatokea jina gani?"

Sasa ankara zangu nazitengeneza kwenye LibreOffice Calc. Jedwali moja: namba ya ankara, tarehe, idadi ya maneno, bei kwa neno, jumla, TIN yangu (namba ya mlipakodi), Lipa Namba na jina litakalotokea. Naitoa kama PDF, naituma. Karatasi ya pili ya faili hilohilo ndiyo daftari la madeni: nani kalipa, nani kasema Jumatatu, na Jumatatu ya lini. LibreOffice ni ya bure moja kwa moja, ipo tangu 2010, na inafungua faili za Word na Excel. Nyaraka zenye majedwali mengi huweza kuhama mpangilio kidogo zikitoka upande mmoja kwenda mwingine, kwa hiyo nazipitia kwa macho kabla ya kuzikabidhi. Kuhusu majaribio ya bure, siku hizi nikilazimika natumia kadi ya mtandaoni ya kwenye simu, ambayo haina kitu mpaka siku nitakayoiwekea mwenyewe.

Zana iliyonibadilishia maisha inaitwa OmegaT, na nje ya wafasiri sijui kama kuna anayeijua. Sura yake haivutii. Ukiifungua mara ya kwanza utadhani umerudi kwenye kompyuta za miaka ya tisini. Lakini ni ya bure, inaendeshwa na watu wanaojitolea, na inakubali laptopu yangu ya Kariakoo niliyoinunua imeshatumika. Kazi yake ni kuivunja hati sentensi kwa sentensi na kukumbuka kila sentensi uliyowahi kuifasiri. Ikikutana na inayofanana nayo, inakuletea tafsiri ya zamani pembeni, pamoja na asilimia ya kufanana kwake.

Kwa mtu wa mikataba hii ni dhahabu. Mkataba wa pango wa Sinza na wa Mbezi hutofautiana majina, kodi na tarehe. Vifungu ni vilevile. Mkataba wa kwanza ulinichukua siku mbili. Wa sita niliumaliza kati ya chai ya asubuhi na chakula cha mchana, na muda mwingi ulienda kwenye kusoma upya.

Ila isikuloge. Asilimia zile zimepigwa kwa maandishi ya lugha chanzi, kwangu Kiingereza, na Kiswahili kina ngeli. Kiingereza kikibadilisha neno moja tu, "mkopo" likawa "deni", programu itakuletea sentensi ya zamani ikisema zimefanana kwa asilimia themanini na kitu. Wewe ukibadilisha neno hilo moja ukaendelea, umeandika "deni huu utalipwa wote". Inabidi uguse kila kitu: deni hili litalipwa lote. Niliwahi kuukabidhi mkataba wenye kosa la namna hiyo, na wakili akanipigia akicheka. Alicheka, lakini alinikumbusha pia kwamba yeye ndiye angesimama nao mbele ya hakimu. Tangu siku hiyo sentensi iliyoletwa na mashine naisoma kwa sauti.

Kuna faili la istilahi pia, ambalo ni orodha tu ya maandishi: neno la Kiingereza, nafasi ya kitufe cha Tab, neno la Kiswahili. Humo naweka uamuzi wangu mara moja, kwamba "mdhamini" ni nani na "mdhaminiwa" ni nani, nisije nikawachanganya ukurasa wa nane. Uzuri mwingine ni kwamba OmegaT inafanya kazi bila intaneti. Bando likiisha, kazi inaendelea, na siri za mteja zinabaki ndani ya mashine yangu, hazipiti kwenye tovuti ya kufasiri ya mtu nisiyemjua. Kikwazo kimoja cha kuanzia: haifungui faili za kizamani za .doc. Zifungue kwa LibreOffice, zihifadhi kama .docx, mambo yataenda.

Ofisi yangu yenyewe ni WhatsApp Business. Nilinunua laini ya pili ili shangazi zangu na mawakili wasikutane, na simu moja inabeba WhatsApp zote mbili kila moja na namba yake. Ninachokipenda ni majibu ya haraka. Unaandika ujumbe mara moja, unaupa jina fupi, kisha ukiandika mkwaju (/) na jina lile ujumbe mzima unatokea. Wangu wa bei nimeuita /bei, na unasema bei kwa neno, nusu kabla ya kuanza, nusu kabla ya kupokea faili la mwisho. Zamani nilipokuwa nikiandika upya kila mara, nilikuwa nikifika kwenye "nusu kabla ya kuanza" naona haya, naandika "tutaongea". Ule ujumbe uliokwisha kuandikwa hauna haya. Lebo nazo zinasaidia: mpya, ametanguliza, anadaiwa. Basi. Nilijaribu lebo tisa, nikawa natumia muda kupanga kuliko kufasiri.

Faili nazihifadhi Google Drive. Unapewa GB 15 bure, lakini fahamu kwamba zinagawanywa kati ya Drive, Gmail na picha zako, na zikijaa hata barua pepe haziingii. Picha za harusi ya mdogo wako zihamishie kwingine mapema. Drive ina jambo moja ambalo wengi hawalijui: picha ya karatasi yenye maandishi ukiichagua uifungue kwa Google Docs, inakutolea maandishi yake. Nusu ya wateja wangu hawatumi faili, wanapiga picha karatasi ikiwa mezani. Picha ikiwa imenyooka, inaniokolea uchapaji wa saa nzima. Ikiwa na kivuli cha mkono na muhuri juu ya maneno, utapata matope.

Canva ya bure ilinitosha kwa nembo na bango la Ramadhani, sina la kuongeza. Mikutano naifanya kwa Google Meet, kwa sababu mkutano wa bure wa Zoom unaishia dakika 40, na wakili akianza kueleza kesi dakika 40 ni salamu.

Kwa hiyo ninacholipia kila mwezi ni bando na luku ya umeme. Cha kununua kinachofuata ni betri mpya ya laptopu, hii iliyopo ikikaa bila umeme nusu saa ni bahati.

Leo asubuhi mwenye chekechea amenitumia picha 14 za kanuni za shule, tatu zimekatwa pembeni na moja ina kikombe. Nimemjibu kwa /picha: "Tafadhali weka karatasi sakafuni karibu na dirisha, piga kutokea juu, na utume kama dokumenti, si kama picha." Ameshazipiga upya. Kikombe hakipo, ila kidole kimeingia.