Bonanza la kikapu la sekondari Mtwara mjini: nyota 3 kati ya 5, mbili zimeishia kwenye mtoano

Wakuu salama. Mwezi wa 8 nilipeleka timu yangu ya wavulana kwenye bonanza la kikapu la shule za sekondari hapa Mtwara mjini, Jumamosi na Jumapili, ada elfu 40 kwa timu. Waandaaji siwataji. Walimu wenzangu wa Lindi na Masasi wamenipigia sana kuuliza kama ni kitu cha kulipia, so naandika hapa mara moja wote wasome.

Kulipia ni cha kulipia, nianze na hilo. UMISSETA, ile michezo ya shule za sekondari Tanzania, tunaipenda wote na ile ya taifa 2019 na 2021 ilifanyika hapa hapa Mtwara, ila utaratibu wake ukishatoka shuleni wanachagua kombaini, yaani timu moja ya wachezaji wa shule mbalimbali, ya wilaya halafu ya mkoa, kwa hiyo kwenye vijana wangu 12 anaenda mmoja au wawili na hao wengine msimu wao umeishia hapo. Huku dogo anacheza na jezi ya shule yake mpaka fainali, na wenzie wa darasani wanakuja na ngoma kushangilia, hiyo kitu kwa mtoto wa fomu 2 ni kubwa sana.

Halafu droo ni moja, shule kubwa ya bweni na shule ya kata wanachanganywa pamoja. Hapo nawaunga mkono kabisa. Kule Marekani jimbo la Indiana walicheza hivyo kuanzia 1911 mpaka 1997, shule zote za jimbo zinagombea kombe moja, na ndo maana mwaka 1954 Milan, shule ya wanafunzi 161, ikaifunga Muncie Central 32-30 kwenye fainali kwa mpira wa mwisho wa Bobby Plump. Baadae wakagawa madaraja manne. Sisi timu zenyewe 9, tugawe nini?

Viwanja vilikuwa viwili, kimoja sementi safi kimoja lami, nyavu mpya, marefa wawili kila mechi na meza ilikuwa na watu wanaojua kuandika faulo, kijana akifikisha ya tano anatolewa bila kelele. Kila robo ya mechi ni dakika 8 badala ya 10 na saa haisimami, sawa tu, mechi ni nyingi. Maji katoni moja kwa timu haitoshi kwa jua lile la saa 7, jazieni. Nje wamama walikuwa na ming'oko na mihogo ya kukaanga, vijana walishiba.

Sasa mtoano.

Timu 9, makundi matatu ya timu tatu tatu. Washindi wa makundi watatu wanaingia nusu fainali, nafasi ya nne anachukua besti luza, yaani namba mbili mwenye rekodi nzuri kuliko namba mbili wenzie. Kwenye karatasi haina shida. Shida ilianza Jumamosi asubuhi, kuna timu ilitoka Newala alfajiri na Coaster ikapata pancha mara mbili njiani, saa 3 mechi yao imefika wao hawapo, zikasubiriwa dakika 15 wakafungwa 20-0 mezani. Ni kweli sheria ya FIBA, shirikisho la kikapu la dunia, ndo inavyosema, dakika 15 huna wachezaji watano uwanjani umepoteza, 20-0 na pointi sifuri kwenye msimamo. Lakini jamani ile sheria inaandikwa kwa watu wanaolala hotelini jirani na uwanja, hawa ni watoto wa shule, na uwanja wa lami ulikuwa mtupu kuanzia saa 5 mpaka saa 6 na nusu, nimeuangalia kwa macho yangu. Walifika saa 4 na robo, wameshavaa jezi ndani ya gari. Wakaambiwa mechi imeshaisha. Kapteni wao alikaa kwenye ngazi ya Coaster anafunga na kufungua kamba za raba, nilimuangalia nikashindwa hata la kumwambia.

Na haikuishia kwao. Sisi kwenye kundi letu tulishinda moja kwa vikapu vya tofauti ya pointi 6, tukapoteza moja kwa pointi 4, jumla +2. Kundi la tatu namba mbili alikuwa -1. Ile timu iliyopewa ushindi wa mezani ikapoteza mechi yake nyingine kwa pointi 11, ukijumlisha na ile 20 inakuwa +9. Wakapita wao. Timu imeingia nusu fainali ya mashindano bila kushinda mechi hata moja uwanjani! Wale madogo hawana kosa, walikuja wakavaa wakasubiri, ila huwezi kuchukua 20 za mezani ukazilinganisha na 6 za jasho.

Dawa yake ipo na ni nyepesi. Kwenye soka makundi yakiwa hayalingani wanafuta matokeo dhidi ya timu ya mwisho kabla ya kulinganisha namba mbili. Hapa ukifuta, kila namba mbili anabaki na mechi aliyopoteza: sisi -4, wengine -9 na -11. Najua inaonekana navutia kwangu, na ingetoka kwa upande wa mwingine ningeandika hivi hivi. Nilienda mezani kumuona mratibu, alinisikiliza vizuri kwa heshima, akasema mwalimu fomu haikuandika chochote kuhusu hilo. Ni kweli haikuandika. Iandikeni.

Jumapili nusu fainali ya pili ilikwenda dakika 5 za nyongeza, ikaisha saa 10 na dakika 40, fainali saa 11 kamili kwa sababu huku kwetu saa 12 giza linaingia na uwanja hauna taa. Dakika 20 za kupumzika dhidi ya timu iliyokaa saa zima na nusu kivulini. Robo ya nne miguu ya wale vijana ilikuwa imekwisha kabisa, wanaruka hawafiki ubaoni. Nusu fainali zingechezwa asubuhi, mbona asubuhi kulikuwa na nafasi.

Upande wa wasichana ndo waliupatia: timu 4, kila mmoja anacheza na wote, mechi 6, mwenye pointi nyingi bingwa. Hakuna aliyesafiri kucheza mechi moja. Mwakani naleta na wasichana, na wa Newala, Masasi na Nachingwea mkija njooni Ijumaa mlale mjini.