Mchezo wa mezani wa kuzingirwa Toulon: ramani safi, kanuni ya mvua imeharibika

Seti inauzwa shilingi 45,000 Darajani: ramani moja, kete 96, dadu mbili na kitabu cha kanuni cha kurasa 16. Hesabu kete kabla ya kulipa, za mizinga ni ndogo na hupotea. Wachezaji wawili wakianza baada ya Isha, humaliza saa tano kasoro usiku.

Mwaka ni 1793. Mwezi wa Agosti wafuasi wa mfalme wameikabidhi Toulon, mji wa bandari kusini mwa Ufaransa, kwa meli za Uingereza na Uhispania, na jeshi la Jamhuri ya Ufaransa linataka kuirudisha. Aliyeutunga mchezo amelijua jambo lenyewe: Toulon haichukuliwi kwa kuvunja kuta. Anayeukabili mji uso kwa uso humaliza askari wake kufikia raundi ya nne. Kinachotafutwa ni rasi mbili, Éguillette na Balaguier, zinazobana mlango wa bandari ya ndani. Mizinga ikishakaa pale, meli hazikai. Meli zikitoka, mji hauna mlinzi. (Unguja mwaka 1896 ilikuwa kinyume: meli za Uingereza ndizo zilizoipiga nchi kavu, na vita havikutimia saa nzima.)

Kwa hiyo ukicheza upande wa Jamhuri, raundi mbili za mwanzo nunua mizinga mizito, acha askari. Isogeze kidogo kidogo kuelekea ngome ya Mulgrave, iliyojengwa na Waingereza kilimani juu ya rasi hizo. Kosa la wengi ni kumaliza baruti njiani. Bakisha angalau kete 5 za baruti. Kadi za makamanda zimetungwa vizuri. Carteaux, aliyekuwa mchoraji, anakuruhusu kuhamisha mizinga miwili tu kwa raundi. Doppet, daktari, hana nafuu kubwa. Akija Dugommier, mikono inafunguka, na kadi ya Napoleon Bonaparte, kijana wa miaka 24, inaanza kuwa na faida.

Palipoharibika ni shambulio la mwisho. Mulgrave ilichukuliwa usiku wa kuamkia tarehe 17 Desemba, mvua ikinyesha. Kitabu kinampunguzia mshambuliaji pointi 2 kwa sababu ya mvua, na mlinzi hapunguziwi kitu. Hii si sawa, baruti hulowa pande zote. Matokeo yake Jamhuri hushindwa karibu kila mara. Punguza 2 kwa kila anayepiga risasi, yeyote yule, na pambano la singe (kisu cha bunduki) liachwe lilivyo. Mchezo utakaa sawa.

Kanuni ya Waingereza kuchoma meli za Ufaransa wakati wa kukimbia ni fupi mno, lakini inachezeka.

Karatasi ya ramani ni nyepesi. Masika itajikunja, itie nailoni mapema. Kete nazo upepo wa barazani huzipeperusha. Zilizo za mizinga badala yake tumia komwe za bao, ukizipaka alama ya rangi kwa upande wa Jamhuri.