Fimbo ya kubadilishia balbu za darini: uzoefu wangu, Bukavu

Niseme mapema: kama taa zako za darini ni spoti (taa ndogo za kumulika chini) zenye balbu za GU10, zile za miguu miwili zinazokazwa kwa kuzungushwa, na dari iko juu kiasi kwamba hata ukisimama mezani hufiki, fimbo yenye kikombe cha mpira cha kunyonya ni kifaa cha kununua. Ila usiinunue ili upandishe halojeni nyingine, yaani balbu ya waya unaowaka kwa joto kali; weka LED. Ukirudisha halojeni pale juu umejiwekea miadi ya kazi ileile.

Nyumba yetu iko Muhumba, mtaa wa Bukavu, mashariki mwa Kongo, na kama nyumba nyingi za Bukavu imejengwa kwenye mteremko: unaingilia juu, vyumba viko chini. Katikati kuna ngazi za saruji, na juu yake dari ya tripleksi (mbao nyembamba za kubandikwa) inafuata paa mpaka inapita mita nne. Huko ndiko aliyejenga alikofunga spoti sita za halojeni, kila moja wati 50, ndani ya vikopo vya chuma. Nusu yake zilikuwa zimeungua, zote za upande wa chini, na baba mkwe wangu analala chumba cha chini. Mzee anayeshuka usiku akishika ukuta anahitaji kuona kila kidato. Ndiyo sababu sikuweza kuliacha jambo hili likae.

Ngazi ya aluminiamu haisimami juu ya ngazi za saruji. Mguu mmoja unakanyaga juu, mwingine unaning'inia. Watu wengi hapa wanaweka matofali na mbao chini ya mguu mfupi, mtu mmoja anashikilia, mwingine anapanda. Mimi sikubali mtoto wa mtu apande juu ya kitu kama hicho kwa sababu ya balbu. Nikamwagizia fimbo muuzaji anayeleta vifaa kutoka Kigali, akaniletea kwa chini ya dola 20.

Ni bomba jepesi la vipande vinavyoingiana. Unavuta, unazungusha, kipande kinakaza. Kichwani unafunga kikombe cha mpira, na pembeni mwa kikombe kuna kamba inayoshuka mpaka mkononi mwako. Kamba hiyo msiidharau. Unapopandisha balbu mpya, mpira unabaki umeing'ang'ania hata kama imeshakaa vizuri. Ukivuta fimbo kwa nguvu unaweza kuing'oa au kuvunja kioo. Kamba inainua ukingo wa mpira, hewa inaingia, balbu inaachiliwa. Kuna fimbo za bei nafuu zinazouzwa bila kamba. Hizo ziacheni.

Inafanya kazi kwa sababu ya umbo la GU10. Balbu hiyo ina miguu miwili yenye vichwa vinene, milimita 10 kutoka mmoja hadi mwingine, nayo inahitaji mwendo ambao mtu aliye chini anaweza kuufanya: sukuma juu kidogo, zungusha kinyume cha saa kama robo mzunguko, teremsha. Sharti ni kwamba soketi iwe imefungwa imara ndani ya kikopo. Kwenye spoti nyingi zilizozamishwa ndani ya dari, soketi inaning'inia kwenye waya zake na balbu inashikwa na pete ya chuma kwa mbele. Ukizungusha pale, soketi nayo inazunguka, na pete huwezi kuitoa kwa mpira. Pigeni picha taa yenu kwa simu, ikuzeni, muone ni ipi kabla ya kutoa pesa.

Mpira ulikataa kushika mwanzoni, kwa sababu kioo cha balbu ya zamani kilikuwa na vumbi lililogandamana na moshi wa jikoni. Nilifunga kitambaa chenye unyevu kidogo kwenye ncha ya fimbo, nikafuta kioo, nikakausha, nikasukuma tena. Ikashika. Haya yote umeme ukiwa umezimwa na balbu ikiwa baridi kabisa, maana halojeni iliyotoka kuzimwa ina joto la kuchoma ngozi, na mpira nao hauvumilii.

Hapo kwenye umeme nataka kukaa kidogo. Hapa kwetu umeme ukikatika, mtu huona ndiyo nafasi ya kugusa waya. Hapana. Umeme unaweza kurudi wakati fimbo yako imo ndani ya soketi. Halafu wengi sasa tuna beteri na inveta (kifaa kinachogeuza umeme wa beteri kuwa wa nyumbani), kwa hiyo kunaweza kuwa na volti 220 darini hata kama mtaa mzima uko gizani. Na kuzima swichi ya ukutani peke yake hakutoshi: katika nyumba za zamani nimeshaona swichi iliyofungwa kwenye waya wa nyutro, ule wa kurudishia umeme, badala ya unaouleta: taa inazimika lakini soketi inabaki na umeme. Zima swichi kuu, zima inveta, kisha pima kwa testa.

Spoti moja, ile ya kona, fimbo haikuiweza. Balbu ilizunguka kidogo ikakwama. Nikamwita fundi wa umeme, kijana wa Kadutu, na sharti langu lilikuwa jukwaa la mbao lililofungwa vizuri kutoka ukuta hadi ukuta, si matofali.

"Mama, tatizo si ampuli," aliniambia kutoka juu, akimaanisha balbu. "Soketi imeungua, chuma kimeshikamana na mguu. Na hizi waya, angalia, zimekauka kama majani."

Alishusha kipande kidogo nikakishika: plastiki ya waya ilivunjika kati ya vidole. Ni joto la miaka la halojeni lililofanya hivyo. Alibadilisha soketi, akaweka waya mpya wenye ganda la kuvumilia joto, na kabla ya kushuka akakagua zile nyingine tano. Malipo yake yalikuwa zaidi ya bei ya fimbo, na nililipa kwa moyo mweupe. Kazi ya namna ile hakuna mpira utakaoifanya.

Sasa kuhusu balbu zenyewe. Halojeni ni waya wa tangsteni ndani ya gesi yenye bromini au iodini. Gesi hiyo inarudisha kwenye waya ile tangsteni inayovukizwa na joto. Ni ufundi mzuri, General Electric waliupatia hataza mwaka 1959. Lakini waya uliopoa una ukinzani mdogo sana kuliko ukiwa unawaka, kwa hiyo kila unapowashwa unapigwa na mkondo mkubwa kwa kitambo kifupi. Katika mji ambao umeme unaenda na kurudi mara nyingi kwa siku, hesabu mwenyewe mapigo hayo. Volti ikipanda juu ya kawaida maisha ya balbu yanafupika haraka. Ikishuka sana, kioo hakipati joto la kutosha, ule mzunguko wa gesi haukamiliki, na kioo kinaanza kuwa cheusi. GU10 ya halojeni hupewa kama saa 2,000 kwenye boksi. LED mara nyingi huandikiwa 15,000 na zaidi. Umoja wa Ulaya uliondoa GU10 za halojeni sokoni tangu Septemba 2016.

Spoti sita za wati 50 ni wati 300. Beteri ya risasi ya volti 12, ampea-saa 100, ina wati-saa 1,200, na haifai kuishusha chini ya nusu. Yaani taa za ngazi peke yake zingeimaliza kwa saa mbili. LED sita za wati 5 ni wati 30: beteri ileile, saa 20 kwa hesabu ya karatasi, pungufu kidogo kwa sababu inveta nayo inakula. Sasa taa ya ngazi inakaa inawaka usiku kucha, na mzee hahitaji kupapasa swichi.

Ila LED zina jambo lake na fimbo hii. Nyingi zina uso wenye mashimo au lenzi zilizochomoza, na mpira haushiki uso kama huo hata ufanyeje. Dukani pitisha kidole juu ya uso wa balbu: chukua yenye kioo bapa, laini, cha kipenyo kama cha halojeni, milimita 50. Angalia pia shingo yake, kwa sababu nyingine ni nene na hazizami ndani ya kikopo. Muuzaji akuwashie kila moja mbele yako. Na mbele ya macho ya wazee chukua zilizoandikwa kelvini (kipimo cha rangi ya mwanga) 2,700 au 3,000, zenye mwanga wa manjano. Zile za 6,500 zinatoa mweupe mkali unaoumiza macho usiku.

Wenye balbu za miguu miembamba isiyo na vichwa, GU5.3, mna habari tofauti. Hizo ni za volti 12 na juu ya dari kuna transfoma, kifaa cha kushusha volti. Zinatoka kwa kuvutwa moja kwa moja, kwa hiyo mpira unaweza kuzishusha, lakini transfoma za elektroniki nyingi zinataka mzigo wa wati kadhaa ndipo zifanye kazi. Ukiweka LED ndogo taa inapepesa au haiwaki kabisa. Huko fundi lazima apande walau mara moja, abadilishe transfoma. Na kama zenu ni G9, zile ndogo kama kidonge, msinunue fimbo hii kabisa: hazina uso wa kushikwa na mpira, na kioo cha halojeni tupu hakitaki mafuta ya vidole. Shikeni kwa kitambaa safi, na mtafute jukwaa la kusimamia lililo imara.