OpenCV kwa kuunganisha na kupanga picha: tathmini ya mtengeneza lebo wa Mtwara

Kwa anayetengeneza lebo za korosho, mabango na kalenda hapa Mtwara, kazi inayokula muda si kupiga picha bali kuziweka mahali pake: nembo ikae pembeni kwa kipimo kilekile katika kila pakiti, picha kadhaa za ghuba ya Mikindani ziwe moja pana, na upeo wa bahari usipinde. Mimi huifanya kazi hiyo kwa OpenCV, maktaba ya programu iliyoanzishwa na Intel mwaka 1999, nikiiandikia maagizo kwa lugha ya Python. Sijapata zana nyingine ya bure inayonipa udhibiti wa kiwango hiki, mradi mtu akubali kuichukulia picha kuwa matriksi, yaani jedwali la namba, na kuiendesha hivyo.

Ndani ya OpenCV picha ni jedwali la namba la NumPy, maktaba ya Python ya hesabu za majedwali, lenye safu za mlalo na za wima, na kila pikseli, yaani nukta ndogo ya picha, ina namba tatu za rangi kuanzia 0 hadi 255, zikipangwa bluu, kijani, kisha nyekundu. Kubandika nembo iliyonyooka ni kuchagua eneo la jedwali na kuandika namba za nembo juu yake. Kuchanganya picha mbili ziwe kama zimeingiana ni kuzidisha moja kwa 0.6, nyingine kwa 0.4, na kujumlisha. Hapo pana jambo la kuangalia sana: ukijumlisha 250 na 10 kwa alama ya kawaida ya kujumlisha ya NumPy, unapata 4, kwa sababu namba ya biti 8 ikivuka 255 huanza tena sifuri, na anga jeupe la mchana hujaa madoa meusi. Tendo la kujumlisha la OpenCV yenyewe huishia 255, na anga hubaki jeupe.

Thamani halisi ya zana hii huonekana pale picha inapotakiwa kukuzwa, kuzungushwa na kusogezwa kwa pamoja. Kila tendo lina matriksi yake ya 3 kwa 3: ya kusogeza hubeba umbali katika safu ya mwisho ya wima, ya kuzungusha hubeba sini na kosini za pembe, na ya kukuza hubeba vizidishio kwenye mshazari. Nukta ya picha huandikwa kwa x, y na 1, na hiyo 1 ya ziada ndiyo inayowezesha hata kusogeza kufanywe kwa kuzidisha. Kwa kuwa vipimo huanzia kona ya juu kushoto, nembo ikizungushwa bila maandalizi huhama mahali pake. Kwa hiyo kitovu chake huletwa kwanza kwenye kona hiyo, nembo ikazungushwa, kisha ikarudishwa. Matriksi hizo husomwa kutoka kulia, yaani tendo la kwanza huandikwa mwisho, na ukibadili mpangilio, jibu nalo hubadilika.

Matriksi zote huzidishwa kwanza zikawa moja, ndipo picha iguswe, na iguswe mara moja tu, kwa warpAffine, agizo la OpenCV la kuipindisha picha kwa kufuata matriksi. Kila picha inapopindishwa, pikseli zake hukadiriwa upya kutokana na jirani zao, na kila kadirio hupunguza ukali wa kingo. Maandishi madogo ya tarehe ya mwisho wa matumizi yakipita katika makadirio matatu hufifia; yakipita katika moja, hubaki yakisomeka. Ningetamani kila mwenye duka la uchapaji alione hili kwa macho yake, kwa sababu lebo nyingi zinazolaumiwa kwa wino mbaya zimeharibika kabla ya kufika kwenye mashine.

Kwa picha za Mikindani, zilizopigwa kutoka mteremko wa Boma lililojengwa na Wajerumani mwaka 1895, matriksi za aina hiyo hazitoshi, kwa kuwa kamera inapogeuka mistari iliyo sambamba huanza kukutana. Hapo huja findHomography, inayotafuta matriksi ya kuilaza picha moja juu ya nyingine kutokana na jozi za nukta zinazofanana. Jozi nne ndizo za lazima, na zikiwa nyingi ni bora. Mpigaji sharti asimame palepale na kuigeuza kamera tu, la sivyo minazi ya karibu hutokea miwili miwili hata kama bahari imeungana vizuri. Pia picha ya kushoto huangukia kwenye vipimo hasi na kukatwa, hivyo matriksi yake huzidishwa na nyingine ya kuisogeza ndani ya fremu. Matokeo yake huchapika kwenye bango pana bila mshono kuonekana, mradi mwanga wa picha zote ulingane.

Yapo yanayochosha. Agizo la warpAffine hupokea safu mbili tu za mlalo za matriksi, hivyo ile ya tatu huongezwa kwa ajili ya kuzidisha kisha huondolewa. Ukubwa wa picha mpya hutajwa kwa upana kwanza, ilhali jedwali lenyewe hutaja kimo kwanza, na ukivigeuza picha hukatwa. Maelezo rasmi yameandikwa kwa Kiingereza na humdhania msomaji kuwa ameshajua hisabati yake. Kwa bango moja la harusi lisilorudiwa, GIMP, programu ya kuhariri picha ambayo nayo ni ya bure, itamfikisha mtu haraka zaidi kwa kipanya. OpenCV hulipa pale nembo moja inapotakiwa kukaa sawasawa kwenye picha mia za pakiti. Tangu toleo la 4.5.0 hutolewa kwa leseni ya Apache 2, hivyo inaruhusiwa katika kazi za kulipwa bila ada, na ikishasakinishwa hufanya kazi bila intaneti.